Kwa Wazee Waliozoea Safari za Meli

Wapo wazee, wanaume kwa wanawake, ambao kila mwaka, inapokaribia baridi kali ya nchi za kaskazini, hufunga masanduku yao wakateremka Southampton huko Uingereza, au Miami na Fort Lauderdale huko Marekani, wakapanda meli ya kampuni ile ile waliyoipanda tangu walipokuwa na nguvu za makamo, wakakaa humo wiki mbili, au mwezi, au miezi mitatu, bila ya haja yoyote ya kufika mahali, ila kwa raha tu ya kuwa baharini. Miongoni mwao siku hizi wamo na watu wa lugha yetu, waliohamia ng'ambo ujanani, wakatumika huko miaka mingi katika mahospitali, mashule na mareli, wakastaafu, na sasa wana wasaa ambao hawakuwa nao maishani mwao. Malalamiko ya wazee hawa ni mamoja: kwamba safari ya leo si ile ya jana. Nami nawaunga mkono kwa sehemu kubwa. Ila namwonea huruma mzee ambaye ameliona badiliko kwa macho yake, na bado akaendelea kununua safari ile ile kwa nguvu ya desturi, pasipo kuichagua upya, akajinyima raha ambayo ingalipo na ambayo angeweza kuipata kwa kutafuta kidogo tu.

Asili ya badiliko lenyewe inafaa kujulikana, maana mtu akijua sababu ya jambo hatumii hasira yake bure. Meli kubwa za abiria zilijengwa kwa ajili ya kuvusha watu, na starehe iliyokuwamo ilikuwa ihsani ya njiani; lakini tangu mwaka 1958, ndege za jeti zilipoanza kuivuka Atlantiki kwa saa chache, meli hizo zilipungukiwa na wasafiri, na wenyewe wakawa hawana budi kuuza matembezi yenyewe badala ya kuuza kufika. Song of Norway, meli ya kwanza ya kampuni ya Royal Caribbean, ilianza kazi mwaka 1970 ikiwa na ukubwa wa tani 18,000 hivi na abiria mia saba na kitu. Icon of the Seas, ya kampuni hiyo hiyo, iliyoanza kazi Januari 2024, inakaribia tani 250,000 na yaweza kuchukua abiria hadi 7,600, mbali na wafanyakazi wake zaidi ya 2,000. Chombo cha ukubwa huo hakiwezi kujazwa na wastaafu peke yao. Hujazwa na jamaa wenye watoto, wanaovutwa na mabwawa ya kuogelea, maporomoko ya maji ya kutelezea, na nauli inayoonekana rahisi. Na maadamu nauli ni rahisi, faida hutafutwa ndani ya meli, katika vinywaji, mikahawa ya kulipia, intaneti, picha, matembezi ya bandarini na kamari. Kwa hiyo mambo mengi ambayo zamani yalikuwa ndani ya nauli yametolewa, yakawa yanauzwa moja moja.

Basi mzee asilinganishe nauli kwa nauli, kwani huko ndiko anakopotezwa. Ailinganishe hesabu ya usiku wa mwisho, ile karatasi inayopenyezwa chini ya mlango wa chumba au kusomwa katika simu, ambayo ndani yake mna kila kikombe cha kahawa ya mashine, kila chupa ya maji, nguo zilizofuliwa, intaneti ya siku kumi na nne, na bakhshishi ya kila siku iliyokatwa bila ya mtu kuulizwa. Aliye na karatasi kama hiyo ya safari zilizopita na aitoe kabatini, aitie juu ya nauli, kisha agawe kwa idadi ya usiku. Hapo ndipo atakapoona kwamba meli aliyoiona ghali, ambayo nauli yake imekusanya bakhshishi, vinywaji, bima na hata gari la kumtoa nyumbani mpaka gatini, mara nyingi haina tofauti kubwa na ile aliyodhani ni rahisi.

Jambo ambalo wazee hulisikitikia kuliko yote, kwa nilivyosikia, ni meza. Zamani abiria alipewa meza yake siku ya kwanza, na meza hiyo ilikuwa yake mpaka mwisho wa safari: watu wanane, wageni kwa wageni, saa ile ile kila usiku, na mhudumu yule yule. Kufika usiku wa tatu, mhudumu amekwisha kujua kwamba bibi huyu hataki barafu katika maji yake, na kwamba mzee yule ataka mkate uliokaushwa kabla ya supu. Na wale wanane, ambao usiku wa kwanza walikuwa wakiulizana majina kwa haya, sasa wanaulizana habari za wajukuu na za magoti. Urafiki mwingi uliodumu miaka thelathini, wa kuandikiana barua na kuzikana, ulianza mezani namna hiyo. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian ilileta utaratibu wa kila mtu kula saa apendayo, mahali apendapo, na kuketi na amtakaye. Makampuni mengine yakafuata kwa namna mbalimbali, na vijana wakafurahi. Lakini mzee aliyefiwa na mwenziwe, akiambiwa ale popote apendapo, aghalabu hula peke yake.

Dawa yake ipo, na ni nyepesi. Makampuni mengi, Cunard na Holland America na mengineyo, yamebakiza chakula cha saa maalumu kwa wanaokitaka, isipokuwa nafasi zake hujaa mapema. Basi siku ile ile ya kulipa amana, wala si siku ya kupanda, mwambie wakala akuandikie chakula cha saa maalumu na meza kubwa ya watu sita au wanane, ukamtake akupe ithibati ya maandishi. Ukifika ukakuta umewekwa kwingine, nenda kwa msimamizi wa chumba cha kulia mchana ule ule wa kwanza, kabla ya chombo kung'oa nanga, kwani baada ya usiku wa pili meza zimekwisha kukaa na watu wake. Kwa ndugu zetu wanaotaka nyama ya halali, shauri ni lilo hilo: iombwe kwa maandishi wiki nyingi kabla ya safari, maana haipatikani kwa kuombwa mezani, na mahali ambapo ahadi si wazi, samaki na mboga havikosekani.

Mavazi sina mengi ya kuyasema. Kampuni ya Celebrity iliacha usiku wa mavazi rasmi miaka kumi hivi iliyopita, Cunard ingali inao, na kila mtu achague kwa kadiri apendavyo kujipamba.

Jambo la simu ni zito zaidi, kwa sababu linawafungia wazee mlango. Karatasi ya kila siku, iliyokuwa ikiwekwa juu ya mto pamoja na kipande cha chokoleti, ikieleza saa ya mhadhara, saa ya dansi na saa ya kushuka bandarini, katika meli nyingi imetoweka, na mambo yake yamehamia katika programu ya simu. Humo ndimo mtu anamowekea nafasi ya mkahawa na ya tamasha, na humo ndimo anamotazamia mafunzo ya usalama yaliyokuwa zamani yakifanywa kwa kukusanyika wote sitahani. Mzee asisubiri mpaka yuko baharini ndipo ajifunze. Mjukuu na amtilie programu hiyo nyumbani, akae naye jioni mbili tatu, ajizoeze kufungua kila ukurasa mpaka mkono uzoee. Na akishapanda, aende mapokezi akaombe karatasi iliyochapwa, kwani meli nyingi zingali zinaichapa kwa mwenye kuiomba, ila hazitangazi. Na kuhusu usalama, hata baada ya kutazama video, mwende wenyewe kwa miguu mpaka kituo chenu cha kukusanyikia, mhesabu ngazi, mwone kama mnaziweza bila ya lifti, kwa kuwa moto ukitokea lifti hazitumiki. Tangu meli ya Costa Concordia ilipozama ubavuni mwa kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012 na kufisha watu 32, hakuna abiria mwenye udhuru wa kulipuuza jambo hili.

Nageukia sasa uaminifu wenyewe, ambao ndio kiini cha maneno yangu. Makampuni haya yamewawekea abiria wao wa kudumu madaraja, ya fedha, dhahabu na almasi, au ya nyota moja mpaka tano, na kila daraja lina fadhila zake: kupanda mbele ya wengine, kufuliwa nguo, karamu pamoja na nahodha, vinywaji kadhaa vya bure kila jioni. Mzee aliyefikia almasi baada ya miaka ishirini huiona kuwa ni heshima aliyoichuma, na ni haki yake kuiona hivyo. Walakini heshima hiyo imeandikwa katika kanuni ambazo kampuni peke yake ndiyo yenye kalamu ya kuzibadilisha. Mwaka 2025 kampuni ya Carnival ilitangaza kwamba kuanzia mwaka 2026 daraja la abiria litapimwa zaidi kwa fedha anazotumia kuliko kwa siku alizokaa baharini. Na mzee asafiriye kwa uangalifu, katika chumba cha bei ya chini, asiyecheza kamari wala kunywa, ndiye badiliko kama hilo linalomrudisha nyuma ya mgeni mwenye mkono mwepesi wa kutumia. Na hata kanuni zisipobadilika, kampuni yenyewe yaweza kutoweka. Cruise & Maritime Voyages ya Uingereza, iliyokuwa kipenzi cha wastaafu wa kipato cha kawaida, ilifilisika Julai 2020 wakati wa Korona, na Marco Polo, chombo kizuri kilichojengwa mwaka 1965, ambacho abiria wake walikuwa wakikirudia mwaka baada ya mwaka, mwaka uliofuata kilipelekwa Alang nchini India kikakatwa vipande. Crystal Cruises, ya matajiri, ilianguka mapema mwaka 2022; meli zake mbili kubwa zikanunuliwa na Abercrombie & Kent, kampuni iliyoanzishwa Kenya mwaka 1962, zikarudi kazini mwaka 2023.

Kwa ajili hiyo nasema: daraja lipokee, lifurahie, wala usilinunue. Kaa chini uzihesabu fadhila zake kwa fedha, kila moja kwa bei ambayo wewe mwenyewe ungeilipa. Kufuliwa nguo safari nzima ni kitu. Kupanda mbele ya watu ni kitu kwa mwenye miguu dhaifu. Lakini vileo vya bure kwa asiyekunywa ni sifuri, na kadi ya rangi nyeusi badala ya bluu ni sifuri pia. Ukiona jumla yake haifiki tofauti ya nauli baina ya meli yako ya zamani na meli nyingine inayokufaa zaidi leo, hamia hiyo nyingine bila ya kujiona msaliti, kwani kampuni haikukuoa. Na katika kulipa, tahadhari na tamaa ya punguzo la safari ya miaka miwili ijayo, inayouzwa ndani ya meli siku ya mwisho wakati moyo umelainika. Weka amana ndogo, ulipe kwa kadi ya mkopo, na ukiwa Uingereza ujue kwamba sheria ya mikopo ya mwaka 1974, katika kifungu chake cha 75, humfanya mwenye kadi aweze kuidai benki yake kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka pauni 30,000 ikiwa muuzaji ameshindwa kutimiza mkataba.

Ipo sababu nyingine ya kuchagua upya, nayo ni mwili. Chumba kilichokufaa ukiwa na miaka hamsini na mitano, juu kabisa karibu na omo ili uone bahari yote, ndicho kitakachokuangusha ukiwa na miaka themanini, kwani huko ndiko chombo kinakoyumba kuliko kwingine. Omba chumba cha katikati ya meli, sitaha ya chini, karibu na lifti lakini si ubavuni mwake, na utazame katika ramani ni nini kilicho juu ya kichwa chako: juu pakiwa na jiko au ukumbi wa muziki, hutalala. Uliza kama pahali pa kuogea pana kizingiti, au sakafu imenyooka. Kizingiti cha kiganja kimoja tu, usiku, chombo kikienda mrama, kimevunja nyonga za wengi.

Kisha isome ratiba ya bandari kwa jicho jipya. Zipo bandari ambazo meli haifungi gatini, hutia nanga nje, na abiria huteremshwa kwa mashua. St Peter Port katika kisiwa cha Guernsey ni mojawapo, na Santorini nyingine. Anayeshuka hapo husimama kwenye jukwaa dogo ubavuni mwa meli, mabaharia wawili wamemshika mikono, mbele yake mashua inapanda na kushuka kwa wimbi, na anangojea neno moja la baharia ndipo apige hatua. Mwenye miguu imara hucheka. Mwenye kigari au fimbo mbili aghalabu huzuiwa, na ni haki azuiwe. Basi mwenye udhuru huo achague safari ambayo bandari zake zote, au zilizo nyingi, ni za gati. Akumbuke pia kwamba baadhi ya miji imezikataa meli kubwa, kama Venice, iliyozifungia njia ya katikati ya mji tangu Agosti 2021, ili asinunue safari kwa jina la mji akateremshwa mbali nao.

Bima haina mjadala. Tabibu wa melini analipwa na mgonjwa. Kadi ya matibabu ya ng'ambo ya Uingereza, GHIC, haimlindi mtu ndani ya meli, na Medicare, bima ya afya ya wazee wa Marekani, hailipi matibabu ya melini chombo kikiwa zaidi ya saa sita kutoka bandari ya nchi hiyo. Mgonjwa akihitaji kuchukuliwa kwa helikopta, gharama yaweza kula akiba ya miaka. Taja maradhi yako yote kwa kampuni ya bima, hata yale uliyoyasahau kwa kuwa dawa imeyatuliza, kwani ugonjwa uliofichwa ndio kisingizio chao cha kwanza cha kutolipa. Dawa ziwe katika mkoba wa mkononi pamoja na akiba ya wiki mbili zaidi. Na mikono ioshwe kwa maji na sabuni, kwa sababu virusi vya kuhara vinavyoenea melini havifi vyema kwa dawa ya spiriti.

Si kila badiliko limekuwa la kumdhulumu mzee. Queen Mary 2, meli ya Cunard, huivuka Atlantiki kwa usiku 7, ilhali Queen Elizabeth 2 iliyoitangulia ilikuwa ikiivuka kwa siku 5 hivi. Mwendo umepunguzwa ili kuokoa mafuta, na faida yake imewaangukia wale wapendao siku za baharini, wenye kitabu mkononi na blanketi magotini. Aendaye magharibi huongezewa saa moja katika siku tano, naye arudiye mashariki hupungukiwa nazo. Kwa hiyo anayetumia insulini na amuulize daktari wake mapema jinsi ya kuzigawa sindano. Queen Mary 2 ilipotengenezwa upya mwaka 2016 ilitiwa vyumba 15 vya mtu mmoja, na Norwegian ilikuwa imevianzisha vyumba vidogo vya namna hiyo katika meli yake ya Epic mwaka 2010. Hili ni jambo kubwa kwa mjane, ambaye desturi ilimlazimisha kulipa nauli ya watu wawili, yake na ya mwenziwe asiyekuwapo. Makampuni ya Saga, ambayo hupokea watu wa miaka hamsini na kuendelea, na Fred. Olsen, ambayo mwaka 2020 ilinunua meli mbili za Holland America na kuziita Bolette na Borealis, yana vyombo vya wastani, abiria wa makamo, na kelele chache. Mzee anayelalamika kwamba meli zote zimekuwa viwanja vya watoto bado hajazijaribu hizi, au amesafiri wakati wa likizo ya shule. Na wasomaji wetu wa Dubai wanaotamani tu kuiona hali ya zamani, Queen Elizabeth 2 yenyewe imefungwa gatini kwao, katika bandari ya Rashid, na tangu mwaka 2018 ni hoteli.

Kwa mwenye kusali, runinga ya chumbani huwa na ramani inayoonyesha mwelekeo wa meli. Autazame kabla ya kuhirimia, na akumbuke kwamba dini imempa msafiri wepesi wake. Na kwa kuwa safari ya mzee haikosi kuwa na uwezekano wa ajali, aache nyumbani bahasha yenye jina la mtu wa kuarifiwa, nambari ya bima, na wasia wake juu ya maziko: meli kubwa zina mahali pa kuwahifadhia maiti mpaka bandari, na anayetaka azikwe kwa haraka na kwa taratibu za dini yake ni lazima awe ameiandika haja hiyo, na bima yake iwe inakubali kumsafirisha.

Nimeliweka mwisho jambo ambalo abiria wa zamani ndio wanaoweza kulilinda kuliko wageni. Wahudumu wa meli hizi, ambao wengi wao wanatoka Ufilipino, Indonesia na India, huziacha nyumba zao kwa miezi minane au tisa kwa mkataba mmoja, na sehemu kubwa ya ujira wao hutoka katika ile bakhshishi ya kila siku, ambayo katika makampuni mengi ya Kimarekani ni kati ya dola 16 na 20 na ushei kwa mtu. Baadhi ya abiria, kwa kuikasirikia kampuni iliyopandisha bei, hupanga safu mapokezini siku ya mwisho ili ifutwe katika hesabu zao. Kampuni haiumii kwa hilo. Anayeumia ni yule aliyekutandikia kitanda mara mbili kwa siku na kulikumbuka jina lako tangu safari ya mwaka juzi. Uliza kwanza kama kampuni yako imekwisha kuitia ndani ya nauli, kama ilivyofanya P&O Cruises mwaka 2019; ikiwa haijaitia, iweke kwenye bajeti tangu nyumbani, ukiona mzigo ni mzito ununue safari iliyopungua usiku mmoja, na haki ya mhudumu usiiguse.